Nje ya Kundi: Kivumishi Kimoja cha Kiingereza na Mtego Wake kwa Wasemao Kihispania

UTANGULIZI

Makala hii inahusu neno moja tu, nalo si la Kiswahili. Ni kivumishi cha Kiingereza, "egregious", ambacho hakisikiki jikoni wala sokoni, bali hukutwa katika hukumu za mahakama, ripoti za tume, tahariri za magazeti na vitabu vya wanazuoni. Mwanafunzi wa Kiingereza hukutana nacho akiwa amekwisha kupanda ngazi za juu. Tunakusudia kueleza maana yake, asili yake, na hasa sababu inayomfanya msemaji wa Kihispania akikosee kwa urahisi, ingawa yeye yu karibu nacho kuliko wanafunzi wengi wengine.

Huenda msomaji akauliza: jarida la chuo cha theolojia lina shughuli gani na jambo hili? Tuna majibu mawili. Kwanza, neno lenyewe limezaliwa zizini. Ndani yake mna kundi la kondoo, na mtu aitwaye mchungaji hawezi kulipita pasipo kugeuka na kulitazama. Pili, wengi wetu husoma theolojia katika lugha tusizozaliwa nazo, na wengine huitwa kuhubiri, kufariji na kuzika kwa lugha hizo. Kosa la neno moja katika karatasi ya mtihani hupunguza alama. Kosa lile lile likitamkwa mbele ya jeneza huumiza watu. Hilo tulijifunza kwa aibu, na yafaa tuanze kwa kulisimulia.

1. HOTUBA YA MAZISHI

Miaka mingi iliyopita tulikuwa masomoni ng'ambo, katika chuo kilichofundisha kwa Kiingereza. Bwenini tulikaa na mchungaji mmoja kutoka Amerika ya Kusini. Tulimwita Hermano, yaani ndugu kwa lugha yake, naye akatuita Ndugu kwa lugha yetu. Kiingereza chake kilikuwa cha vitabuni, kama chetu. Katika muhula wa pili alifariki mchungaji mzee, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akiwakaribisha wanafunzi wageni nyumbani kwake. Familia ikamwomba Hermano aseme maneno machache kwa niaba yetu sote.

Usiku uliotangulia mazishi alituletea karatasi yake tuikague. Katika sentensi ya tatu alikuwa ameandika kwamba marehemu alikuwa "an egregious pastor". Neno hilo hatukulijua, wala hatukupenda kukiri kwamba hatulijui. Lilikuwa na sura ya usomi na harufu ya Kilatini. Kamusi kubwa ilikuwa rafuni, hatua tatu kutoka mezani. Hatukuifungua. Tulirekebisha nukta mbili na herufi kubwa moja, tukamrudishia karatasi na kumpongeza.

Kesho yake aliisoma kwa sauti nzuri na moyo mnyofu. Alipofika kwenye sentensi ile, watu waliinua vichwa. Alikuwa amesema, mbele ya jeneza, kwamba marehemu alikuwa mchungaji mbaya kupindukia. Mjane aliinamisha uso. Baada ya ibada mzee mmoja wa usharika alimvuta kando akamweleza kwa upole. Hermano alimwandikia mjane barua ya kuomba radhi, naye alijibiwa kwa wema kwamba familia ilikwisha kutambua alilokusudia. Hata hivyo, tangu siku ile hadi alipomaliza masomo hakukubali tena kusimama na kunena kwa Kiingereza mbele ya watu. Mtu mwenye kipawa cha kuhubiri alinyamazishwa na kivumishi kimoja, nasi tulikuwa tumekipitisha.

Kosa la Hermano halikutokana na uvivu. Lilitokana na elimu. Ili tuelewe jinsi ilivyokuwa, hatuna budi kulifuata neno hili hadi kwenye chimbuko lake.

2. NENO LILILOZALIWA ZIZINI

Katika Kilatini kundi la mifugo huitwa "grex", na shina lake katika hali nyingine ni "greg-". Kiambishi "e" au "ex" maana yake ni kutoka, au nje ya. Kwa hiyo "egregius" ni yule aliyetoka kundini. Tuone picha yake: mchungaji amesimama akilitazama kundi lake jioni, na jicho lake latua juu ya mnyama mmoja aliye tofauti na wengine, labda kwa ukubwa, labda kwa uzuri wa manyoya. Huyo ndiye atakayetolewa na kuwekwa pembeni.

Warumi walilitumia neno hili kwa sifa. Katika dola yao, hasa katika karne ya 2 na ya 3 baada ya Kristo, "vir egregius" lilikuwa jina la cheo, walilopewa maofisa wa tabaka la wapanda farasi waliotumikia serikali ya Kaisari. Kanisa la Magharibi nalo lililirithi kwa heshima ile ile. Umo wimbo wa kale wa Kilatini wa sikukuu ya Mitume Petro na Paulo ambao humwita Paulo mwalimu "egregius". Hakuna aliyeuimba akidhani kwamba Mtume anatukanwa.

Kutoka katika shina hilo hilo umezaliwa ukoo mzima wa maneno, na Kihispania na Kiingereza vimeurithi kwa pamoja. Kukusanya kundi mahali pamoja kumezaa "congregación" na "congregation", yaani kusanyiko au usharika. Kuongeza mmoja kwenye kundi kumezaa "agregar" na "aggregate". Kuondoa na kutenga na kundi kumezaa "segregar" na "segregate". Msomaji wa Biblia ya Kilatini, Vulgata, atakumbuka kwamba katika Rum. 1:1 Paulo hujiita "segregatus", yaani aliyetengwa kwa ajili ya Injili.

Kihispania kimehifadhi hata jina lenyewe la kundi. Neno "grey" kwa lugha hiyo ni kundi la kondoo, na kwa njia ya mfano ni waumini walio chini ya mchungaji mmoja. Msomaji wa Biblia ya Reina-Valera ya mwaka 1960 hulikuta katika 1 Pet. 5:2, pale wazee wanapoagizwa kulichunga kundi la Mungu. Hapa pana mtego mdogo wa kwanza, kwa kuwa Mwingereza akiona herufi hizo nne husoma rangi ya kijivu. Maneno hayo mawili hayana undugu wowote. Yamefanana kwa bahati tu.

Tukiwa tumeitaja Biblia hiyo, yafaa tumkumbuke mtu aliyeanza kazi yake. Casiodoro de Reina alikuwa mtawa karibu na mji wa Sevilla, akakimbia Hispania mwaka 1557 kwa sababu ya imani ya Matengenezo. Mwaka 1569 alichapisha Biblia nzima ya Kihispania mjini Basel, na mwaka 1602 Cipriano de Valera akatoa masahihisho yake mjini Amsterdam. Reina alipata kuwa mchungaji wa Kilutheri. Huko Antwerp Mhispania huyo aliwahudumia Walutheri waliosema Kifaransa, na alifariki Frankfurt mwaka 1594. Kwa hiyo mtu aliyewapa wasemao Kihispania Biblia katika lugha yao, yeye mwenyewe alilazimika kuchunga kwa lugha ya wengine. Hali ya Hermano haikuwa mpya.

3. JINSI SIFA ILIVYOGEUKA LAWAMA

Kiingereza kililichukua neno hili kutoka Kilatini katika karne ya 16, na mwanzoni kililichukua kwa maana yake njema. Katika tamthilia ya Christopher Marlowe iitwayo Tamburlaine, iliyochapishwa mwaka 1590, mfalme mmoja huwasalimu watawala walio chini yake kwa neno hili, na kusudi lake ni kuwaheshimu. Lakini katika karne hiyo hiyo neno lilianza kuelekea upande wa pili. Katika Cymbeline ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1623, mhusika anayeamini kwamba amesababisha kifo cha mke wake hujishtaki mwenyewe kuwa mwuaji, na kivumishi anachouambatanisha uuaji wake ni hiki hiki. Kwa muda maana hizo mbili ziliishi katika nyumba moja. Hatimaye ile njema ilikufa, na leo mtu asemaye Kiingereza cha kawaida hajui kwamba ilipata kuwapo.

Ni nini kilichotokea? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kejeli ndiyo iliyoligeuza neno. Msemaji wa Kiswahili halioni jambo hili kuwa geni. Neno "bingwa" ni la sifa, lakini tukisema "Yule ni bingwa wa uongo", hatumsifu mtu. Tunakubali kwamba amewapita wenzake wote, ila tunataja jambo alilowapita. Vivyo hivyo Waingereza walianza kusema juu ya mwongo aliye "egregious", mjinga aliye "egregious", kosa lililo "egregious". Walipozoea kuliona neno hili likitembea na waongo na wajinga, wakaacha kulialika kwenye karamu ya watu wema. Mtume alionya katika 1 Kor. 15:33 kwamba ushirika mbaya huharibu tabia njema. Onyo hilo lilitolewa kwa watu, lakini maneno nayo hayakusalimika.

Tuangalie vizuri kilichobadilika na kisichobadilika. Picha ya asili haikubadilika: jambo lililo "egregious" bado ni jambo lililotoka nje ya kundi na kuonekana na kila mtu. Kilichobadilika ni sababu ya kuonekana. Ndiyo maana neno hili halina maana ya "baya" tu. Maana yake ni baya kiasi cha kujitokeza, baya lisilofichika, baya ambalo hata miongoni mwa mabaya mengine jicho hutua juu yake. Kwa Kiswahili tungesema "uovu uliokithiri", au "kosa la wazi la kupita kiasi". Kosa dogo la tahajia haliwezi kuitwa hivyo, isipokuwa kwa mzaha.

Katika mabadiliko haya Kiingereza kilikwenda peke yake. Mwitaliano akiandika barua rasmi bado aweza kuianza kwa "Egregio Signore", yaani Bwana mheshimiwa. Wanasheria wa Brazili, kwa Kireno chao, huiita mahakama ya juu "egrégio" kwa heshima. Mhispania naye amebaki na wenzake. Neno la Kiingereza ndilo lililotoka kundini.

4. KWA NINI MHISPANIA HUNASWA

Kihispania ni lugha ya mama ya watu zaidi ya milioni 400, kuanzia Hispania na sehemu kubwa ya Amerika hadi Guinea ya Ikweta katika bara letu ambako ni lugha rasmi. Kamusi ya Real Academia Española hulifasiri neno "egregio" kwa visawe viwili, "insigne" na "ilustre", yaani mashuhuri na mwenye kutukuka. Ni neno la lugha ya juu. Hutumiwa kwa mshairi mkubwa, mwanazuoni, au mwalimu aliyeacha wanafunzi wengi nyuma yake. Ndilo hasa neno ambalo mtu mwenye adabu angelichagua kwa hotuba ya mazishi.

Msemaji wa Kihispania anapojifunza Kiingereza hugundua mapema kanuni yenye faida kubwa. Maneno mengi ya asili ya Kilatini yamo katika lugha zote mbili, na mtu aweza kuyavusha kwa kubadili mwisho wake tu. "Serio" huwa "serious". "Obvio" huwa "obvious". "Previo" huwa "previous". Kwa kanuni hiyo hiyo "egregio" huwa "egregious", na kamusi inathibitisha kwamba neno lipo. Mwanafunzi hakukisia ovyo. Alifuata njia iliyompeleka salama mara mia. Mtoto wa darasa la kwanza la Kiingereza hawezi kulifanya kosa hili, kwa kuwa halijui neno lolote kati ya hayo mawili. Anayelifanya ni yule aliyesoma sana katika lugha yake.

Walimu wa lugha huyaita maneno ya namna hii rafiki wa uongo. Sisi tungependa kusema kwamba ni ndugu wa kweli waliotengana wakakua katika nyumba mbili. Sura ni ya baba mmoja, malezi ni mbalimbali. Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Mlango wa "egregious" ni ule ule wa "egregio". Aliyeishia mlangoni atadhani kwamba anawajua wenyeji.

Ukoo huu una mfano wa pili ulio kinyume cha wa kwanza. Kihispania kina "gregario" na Kiingereza kina "gregarious". Yote mawili husemwa juu ya wanyama waishio kwa makundi. Yakisemwa juu ya mtu yanaachana. Kwa Mwingereza mtu aliye "gregarious" ni mchangamfu, apendaye kukaa na watu. Ni sifa njema. Kwa Mhispania mtu aliye "gregario" ni yule afuataye wengine bila kufikiri, kama kondoo, ni lawama. Basi maneno haya yamepishana. Katika Kihispania anayetoka kundini husifiwa na anayebaki kundini hulaumiwa. Katika Kiingereza anayebaki hupendwa na anayetoka hulaumiwa. Msomaji asiharakishe kutoa hitimisho juu ya tabia za mataifa hayo mawili. Historia ya neno si historia ya moyo wa taifa. Lakini kwa mwanafunzi kupishana huko ni msaada mkubwa wa kumbukumbu, kwa sababu akishika moja ataweza kulikumbuka la pili.

5. MFANO KUTOKA KISWAHILI

Msemaji wa Kiswahili aweza kudhani kwamba mkanganyo huu haumhusu, kwa kuwa hana "egregio" katika lugha yake. Tunamwomba alitafakari neno "kutengwa".

Katika Mdo. 13:2 Roho Mtakatifu anaagiza Barnaba na Sauli watengwe kwa ajili ya kazi aliyowaitia, na mafundisho yetu juu ya huduma hutumia neno hilo kwa heshima: mtumishi ametengwa kwa kazi ya Mungu. Katika Yn. 9:22 wazazi wa kipofu aliyeponywa wanaogopa kwa sababu Wayahudi wamekubaliana kwamba yeyote atakayemkiri Yesu kuwa Kristo atatengwa na sinagogi. Na katika sharika zetu mtu akisema tu, "Fulani ametengwa", hakuna anayefikiri kwamba amebarikiwa. Wote wanaelewa kwamba yuko chini ya nidhamu ya kanisa na haruhusiwi kuikaribia Meza ya Bwana.

Kitenzi ni kile kile, na tendo ni lile lile la kumwondoa mmoja katikati ya wengi. Tunajuaje basi kama ni heshima au adhabu? Tunajua kwa maneno yanayofuatana nacho. Mtu hutengwa kwa kazi, au hutengwa na ushirika. Mgeni anayejifunza Kiswahili, akishika kitenzi bila kushika maneno yanayoandamana nacho, siku moja atasimama kwenye ibada ya kuwabariki wachungaji na kuwatia watu hofu. Neno lolote linalosema "nje ya kundi" lina njia mbili mbele yake, na wenye lugha peke yao ndio wajuao limefuata ipi.

6. NAMNA YA KUJIFUNZA NA KUFUNDISHA

Kutokana na hayo tunapendekeza hatua nne. Zinamfaa msemaji wa Kihispania anayejifunza neno hili, na mwalimu aliye na mwanafunzi kama huyo.

Kwanza, neno lifundishwe pamoja na nomino zake, kamwe lisifundishwe peke yake. Waingereza husema "egregious error" kwa kosa kubwa la wazi, "egregious violation" kwa uvunjaji wa sheria usiofichika, "egregious abuse" kwa unyanyasaji uliokithiri, na "egregious example" kwa mfano mbaya kuliko mingine. Tuone kwamba nomino "example" yenyewe haina ubaya wowote. Ubaya wote unaletwa na kivumishi. Ndivyo ilivyokuwa kwa "pastor" wa Hermano.

Pili, mwanafunzi aonyeshwe ndugu mpya wa neno hili katika lugha yake mwenyewe. "Egregious violation" kwa Kihispania ni "violación flagrante". "Egregious error" ni "craso error", au kwa lugha ya kila siku "error garrafal". Basi katika daftari lake na aandike kwamba "egregious" hukaa karibu na "flagrante" na mbali na "egregio". Kadhalika apewe njia ya kulivusha "egregio" bila madhara. Mwalimu mashuhuri ni "eminent" au "distinguished", na "eminent" ni salama kwake kwa kuwa Kihispania kina "eminente" chenye maana hiyo hiyo. Pia kuna "outstanding", ambalo hutumia karibu picha ile ile ya kujitokeza nje ya wengine, nalo limebaki upande wa sifa. Mhispania atalikumbuka kwa "sobresaliente", alama ya juu aliyoitamani shuleni. Kumnyang'anya mwanafunzi neno pasipo kumpa jingine ni kumwacha bubu.

Tatu, matamshi. Hapa msemaji wa Kihispania ana faida moja na tatizo moja. Faida ni kwamba mkazo hukaa mahali pale pale, kwenye silabi ya pili. Tatizo ni herufi "g" ya pili. Katika Kihispania hutamkwa karibu na "kh" ya "kheri". Katika Kiingereza hutamkwa kama "j" ya "jambo". Neno zima husikika kama "i-GRII-jas", lenye silabi tatu, na ile ya mwisho hutamkwa kwa udhaifu kiasi cha kumezwa. Lugha ya Kihispania ina irabu tano kama Kiswahili, na kwa hiyo msemaji wake, sawa na sisi, hupenda kuitamka kila irabu kwa ukamilifu. Hapa na ajizuie.

Nne, lifanyike zoezi la kupima. Mwanafunzi apewe sentensi sita, tatu za sifa na tatu za lawama, aamue ni zipi zinazoweza kulibeba neno. Kisha aandike mbili za kwake, na mtu mwenye lugha azisome kabla hazijatoka nje ya chumba. Kanuni fupi ya kumkumbusha ni hii: kabla ya kuandika "egregious", ajiulize kama nomino inayofuata ingeweza kufikishwa mbele ya hakimu. Kama haiwezi, atafute kivumishi kingine.

7. MANENO MENGINE YA NAMNA HII

Neno letu lina wenzake ambao ni wa hatari zaidi kwa mwanatheolojia, kwa sababu hutumika mara nyingi. Tutaje mawili.

Kivumishi "eventual" kimo katika lugha zote mbili kwa herufi zile zile. Kwa Mhispania ni jambo la huenda, au la muda tu. Kazi iliyo "eventual" ni kibarua kisicho cha kudumu. Kwa Mwingereza ni jambo litakalotokea hatimaye. Sasa mwandishi wa Kiingereza aseme juu ya ushindi wa mwisho wa Ufalme wa Mungu kwa kutumia kivumishi hicho: msomaji wa Kihispania asiyekuwa macho ataelewa kwamba huenda Mungu akashinda. Tumaini limegeuzwa kuwa bahati nasibu.

Nomino "compromiso" kwa Kihispania ni ahadi ya dhati, kujifunga kwa moyo wote. Kwa Kiingereza "compromise" ni mapatano ambayo kila upande huachia kitu, na mara nyingi ni kulegeza msimamo. Mhubiri wa Kihispania anayetaka kuwaita watu wajitoe kikamilifu kwa ajili ya Injili aweza, kwa neno moja, kuwaita wailegeze.

HITIMISHO

Tumeona kwamba "egregious" na "egregio" ni watoto wa zizi moja, kwamba yote mawili husema juu ya aliyetoka kundini, na kwamba Kiingereza kimelifanya la kwake kuwa la lawama wakati Kihispania kimelitunza la kwake kuwa la sifa. Tumeona pia kwamba mwenye kunaswa ni msomi, na kwamba dawa yake ni kulijua neno pamoja na maneno yanayoandamana nalo.

Yamebaki maneno machache kwa ajili yetu tunaokagua kazi za wengine, tukiwa walimu, wasahihishaji au wanafunzi wenzao. Neno tusilolijua likipita mbele yetu, tunajaribiwa kuliheshimu kwa sababu lina sura ya elimu, na kukaa kimya kwa sababu ya fahari yetu. Mwandishi hawezi kuuona mtego uliofichwa katika lugha yake mwenyewe. Kwake neno linang'aa. Anayeweza kuuona ni yule asiyelijua neno, kwa sharti kwamba akubali kusema, "Hili silijui, tulitazame pamoja." Hermano alituletea karatasi yake kwa sababu hiyo hasa. Alihitaji mtu wa kuinuka na kutembea hatua tatu hadi rafuni, nasi hatukuinuka.